Anayefundishwa analipwa kumzidi anayemfundisha: uchambuzi wa kisa kimoja cha mshahara

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka visa kadhaa vya aina moja, kwa hiyo asijitafute mtu humu. Mhusika mkuu ni mhasibu, mwanamke, mwenye miaka 6 katika idara ya fedha ya kampuni ya usambazaji. Aliajiriwa kama mhasibu msaidizi, na kwenye karatasi cheo hicho hakijabadilika. Kilichobadilika ni kazi. Siku hizi ndiye anayefunga hesabu za mwezi, anayesuluhisha taarifa za benki, anayekaa na wakaguzi wa nje wakija. Ndiye pia anayekabidhiwa kila mgeni wa idara amfundishe.

Mgeni wa mwisho alikuwa kijana aliyeajiriwa kwa cheo hichohicho cha mhasibu msaidizi. Alipopata mshahara wake wa kwanza kamili akaona makato asiyoyaelewa, akamfuata mwalimu wake. "Dada, hebu nisaidie hapa. Hii wamenikata ya nini?" Akaweka simu mezani, slipu ya mshahara ikiwa wazi. Dada akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hii ni kodi, huu ni mchango wako wa pensheni, nao hukokotolewa kwa mshahara ghafi, siyo kwa kinachobaki. Ili kijana aone asilimia ilivyopatikana, ilibidi kalamu ipande mpaka mstari wa juu kabisa. Hapo ndipo alipouona mshahara ghafi wa mwenzake. Ulizidi wa kwake kwa karibu asilimia 19. Alimaliza kueleza, kijana akashukuru akaenda zake, wala hakujua alichokiacha nyuma.

Kwa siku kadhaa dada alikaa na jambo hilo. Akawaambia wenzake wawili anaowaamini, ambao nao walikuwa na wenzao wawili wanaowaamini. Kisha, siku ya tatu ya kufunga hesabu za Februari, akamkuta meneja wake kwenye korido ameshika makabrasha.

"Bosi, inakuwaje mtu ninayemfundisha mimi alipwe kunizidi?"

Meneja alisimama. "Nani kakuambia?"

"Najua tu."

"Unajua vipi? Umeingia kwenye mfumo wa mishahara?"

Mazungumzo ya mshahara yaliishia hapo. Dakika 10 zilizofuata zilikuwa za kujieleza, na aliyekuwa akijieleza ni yeye.

Swali lililogeuza meza

Wengi wanaosimuliwa kisa hiki hukimbilia kusema dada alikosea kwa kusimamisha mtu koridoni, au kwamba alitoa sauti ya ukali. Korido kweli si mahali pake, na siku za kufunga hesabu si wakati wake. Lakini hata angeketi ofisini kwa miadi, na sauti ya upole, sentensi ileile ingezaa swali lilelile. Ameuliza habari za mshahara wa mtu mwingine. Meneja akisikia hivyo hafikirii haki, anafikiria siri iliyovuja, na kila meneja anajua namna ya kushughulikia siri iliyovuja kuliko anavyojua namna ya kushughulikia pengo la mishahara.

Kwa mhasibu jambo ni zito zaidi. Mtu wa idara ya masoko akijua mshahara wa mwenzake, itadhaniwa kaambiwa. Mtu wa fedha akijua, itadhaniwa kafungua faili. Dada hakuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa mishahara, na kumbukumbu za mfumo zingemsafisha, ila jibu lake la "najua tu" ndilo lililompa meneja nafasi ya kushuku. Jibu la kweli, kwamba kijana alimwonyesha mwenyewe, lingemchongea kijana ambaye kosa lake pekee ni kuuliza makato.

Niseme kidogo kuhusu hiyo siri, maana mikataba mingi ina kifungu kinachosema mshahara ni jambo la faragha na watu hukiogopa kuliko kinavyostahili. Nchini Marekani, sheria ya mahusiano ya kazi ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanapozungumza wao kwa wao kuhusu malipo yao, hata mwajiri akiandika katazo. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inanyima nguvu kifungu cha usiri pale watu wanapozungumza ili kujua kama tofauti ya mishahara inatokana na jinsia, rangi au sifa nyingine inayolindwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 maelekezo ya uwazi wa mishahara, nchi wanachama zikapewa mpaka Juni 2026 kuyaingiza katika sheria zao, na humo mfanyakazi hawezi kuzuiwa kutaja mshahara wake kwa lengo la kudai malipo sawa. Sehemu nyingine sheria iko kimya, na hapo mkataba ndio unaosomwa. Tofauti ya kushika ni hii: kusimulia mshahara wako ni jambo moja, kutoa mishahara ya wengine uliyoiona kwa sababu kazi yako inakupa funguo ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili linaweza kumfukuzisha mtu karibu popote.

Dada alikuwa na njia moja ya kutoka pale koridoni, nayo ilikuwa wazi mpaka dakika ya mwisho: "Bosi, naomba tuache habari ya mwenzangu. Mimi nataka tuzungumzie kazi ninayofanya na daraja nililopo. Nikupate lini kwa nusu saa?" Hakuisema. Ni watu wachache wanaoisema bila kuwa wameiandaa kabla.

Pengo lilitoka wapi

Tuseme miaka 6 iliyopita kazi hii ililipwa 100 sokoni, naye akaanza na 100. Kampuni ikampa nyongeza ya asilimia 4 kila mwaka bila kuruka hata mmoja. Leo yuko 126.5. Katika miaka hiyohiyo bei ya soko kwa kazi hiyo ikapanda asilimia 7 kwa mwaka, na leo ni 150. Anayeajiriwa leo analipwa bei ya leo, kwa kuwa hakuna atakayekubali kuja kwa bei ya zamani. Gawanya 150 kwa 126.5: tofauti ni karibu asilimia 19. Pengo hilo halikuhitaji mtu wa kukaa na kulipanga. Lilihitaji tu kampuni iwe na bajeti moja ya kuajiri, inayofuata soko, na bajeti nyingine ya nyongeza, inayofuata mazoea. Ndiyo maana aliyetulia huachwa nyuma na anayehamahama hupanda.

Wengine huanza wakiwa chini zaidi, kwa sababu ya swali la usaili linaloonekana dogo: "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" Ukilijibu, mshahara wa mwajiri wa jana unakuwa msingi wa mwajiri wa leo, na kila asilimia utakayoongezwa itapigwa juu ya msingi huo. Maelekezo yale ya Ulaya yanakataza waajiri kuuliza hivyo, na majimbo kadhaa ya Marekani yamekwisha kufanya hivyo pia.

Lipo swali ambalo mchambuzi hapaswi kulikwepa. Yeye ni mwanamke, aliyeletwa ni mwanaume. Je, ni soko au ni ubaguzi? Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, na sheria za kazi za nchi nyingi zimeubeba msingi huo. Katika kisa chetu kulikuwa na kipimo: mwanaume mmoja aliyeingia idara hiyo mwaka uleule na dada, kwa cheo hichohicho, na aliyewahi kutaja mshahara wake waziwazi. Walikuwa karibu sawa. Hilo linaelekeza kwenye soko. Lingekuwa vinginevyo, nisingemshauri apange hoja za nyongeza. Ningemshauri amtafute wakili au chama cha wafanyakazi kabla ya kusema neno lolote, kwa sababu madai ya ubaguzi yana muda wake. Lilly Ledbetter aligundua baada ya miaka mingi ndani ya kampuni ya matairi ya Goodyear kwamba wanaume wa nafasi kama yake walilipwa kumzidi, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia kwa kura 5 kwa 4 kwa hoja ya kuchelewa kudai. Sheria ilibadilishwa Januari 2009 na kupewa jina lake, lakini fedha zake hakuzipata.

Kocha wa nani?

Baada ya ile siku ya korido, dada alipunguza mwendo. Hakuharibu kazi, aliacha tu kufanya yale ambayo hayakuwa kwenye mkataba wake. Hesabu za Machi zikachelewa. Meneja akaandika kwa rasilimali watu kwamba mtumishi "ameshuka ari", na kampuni ikamlipia vikao na kocha wa kazi.

Nina shaka na hatua hiyo. Mtu amesema analipwa pungufu, naye anapelekwa kufundishwa namna ya kujisikia. Vikao viwili vya kwanza vilikwenda hivyo kweli: kujiamini, namna ya kukaa kwenye kiti, namna ya kumtazama mtu machoni. Dada alikuwa akijiamini vya kutosha. Alichokosa ni taarifa.

Kosa jingine lilikuwa la utaratibu. Hakuna aliyemweleza mwanzoni kwamba kocha atarudisha nini kwa kampuni. Kanuni za maadili za International Coaching Federation, shirika lililoanzishwa mwaka 1995, zinamtaka kocha aeleze mipaka ya usiri kwa anayefundwa na kwa anayelipa pia, kabla au katika kikao cha kwanza. Dada alitumia vikao viwili akipima kila neno, akihofia jina la kijana lisije likamponyoka. Ukipelekwa kwa kocha anayelipwa na mwajiri, swali la kwanza liwe lako: nani atasoma nini baada ya hapa? Jibu likikawia, zungumzia kazi tu.

Kikao cha tatu ndicho kilichokuwa na thamani, na thamani yake yote ilikuwa kwenye swali moja. Kocha aliuliza: "Nyongeza yako ikikubaliwa, sahihi ni ya nani?" Dada alifungua mdomo akaufunga. Miaka 6 katika idara ya fedha, anajua nani anaidhinisha malipo ya kila mgavi, na hajui nani anaidhinisha mshahara wake.

Alipofuatilia aligundua mambo matatu. Meneja hana mamlaka. Anapendekeza tu, na wanaoidhinisha ni mkurugenzi wa fedha pamoja na rasilimali watu. Bajeti ya mishahara hukusanywa Oktoba na kufungwa Desemba, kwa hiyo siku ile ya korido alikuwa akimwomba mtu asiye na kitu, wakati kapu limeshafungwa. Na kulikuwa na mlango wa pembeni ambao hakuna aliyewahi kumwambia: ombi la kupitiwa upya daraja, linaloruhusiwa wakati wowote kama majukumu ya mtu yamebadilika. Nyongeza na daraja ni vitu viwili. Nyongeza huomba fadhila ya bajeti. Daraja huuliza kama jina la kazi linalingana na kazi, na swali hilo haliulizi mwenzako analipwa nini.

Karatasi moja

Aliandika ukurasa mmoja. Safu ya kushoto: majukumu ya mkataba wa ajira, neno kwa neno. Safu ya kulia: anachofanya sasa, na tangu mwezi gani. Chini yake, matangazo matatu ya kazi yenye mshahara uliotajwa, ya cheo cha mhasibu kamili na si msaidizi. Siku hizi matangazo ya namna hiyo yanapatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu baadhi ya sheria zinalazimisha. Jimbo la Colorado, Marekani, linadai kiwango cha mshahara kiandikwe kwenye tangazo tangu 2021. Mwisho kabisa, ombi: kupandishwa daraja kuwa mhasibu, kwa mshahara wa kiasi fulani. Kiasi chenyewe alikiandika, kwa tarakimu.

Wapo wanaoshauri usitaje namba kwanza. Kama hujui soko, ni ushauri mzuri. Kama unalijua, mimi siungi mkono. Wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika mwaka 1974 kuhusu jaribio ambapo watu walizungushiwa gurudumu la namba, likasimama ama 10 ama 65 kwa kupangwa, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Makadirio ya kati ya waliopata 10 yalikuwa 25. Ya waliopata 65 yalikuwa 45. Namba isiyo na maana yoyote iliwavuta. Kama wewe hutaji, meneja ataanza na ya kwake, na namba ya meneja katika kampuni nyingi ni ile asilimia ya kila mwaka.

Baruapepe ya kuomba kikao ilikuwa fupi: "Bosi, habari za kazi. Naomba nusu saa wiki ijayo tuzungumzie majukumu yangu ya sasa na daraja nililopo. Nimeambatisha ukurasa mmoja uupitie kabla. Najua uamuzi hauishii kwako, kwa hiyo ningependa pia tujue hatua za kuufikisha kwa wahusika." Sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote. Inampunguzia meneja mzigo wa kujifanya ana mamlaka, na inamwondolea kisingizio cha kutokuwa nayo.

Kikao kilifanyika mwishoni mwa Aprili.

"Dada, karatasi yako nimeiona. Kazi yako haina ubishi. Naweza kukupigania asilimia 5, halafu mwakani tutaangalia."

"Nashukuru, bosi. Asilimia 5 ni ya daraja lipi?"

"La hapo ulipo."

"Ndiyo maana nimeuliza. Ombi langu ni la daraja. Kuna jukumu lolote kwenye safu ya kulia ambalo unaona si la mhasibu?"

Meneja aliisoma karatasi upya, mstari kwa mstari, na dada alinyamaza mpaka akamaliza. Hakulipata. Asilimia 5 juu ya 126.5 ni 132.8, na pengo na soko lingebaki asilimia 13. Kijana hakutajwa hata mara moja. Meneja alijua vilevile ni kwa sababu gani wako pale, maana ndiye aliyependekeza mshahara wa kijana alipoajiriwa.

Na hapa ndipo lawama yangu inapoangukia. Siku anajaza fomu ya kijana, namba mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kuandika mistari miwili kwa mkurugenzi wa fedha: tunaajiri kwa bei hii, na tuna mtu wa zamani chini yake, naomba tumpitie. Asingehakikishiwa jibu, lakini pengo lingekuwa limeandikwa na upande wa kampuni kabla halijaonekana kwenye slipu ya mtu. Utafiti wa wanauchumi Card, Mas, Moretti na Saez uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa kwa watumishi wa Chuo Kikuu cha California waliojulishwa kuhusu tovuti yenye mishahara ya wenzao, ulionyesha kuwa waliojikuta chini ya wastani wa kati wa wenzao waliridhika pungufu na kazi zao na walielekea zaidi kutafuta nyingine, ilhali waliojikuta juu yake hawakuonyesha furaha ya ziada. Kwa meneja wetu maana yake ni kwamba usiri haukumnunulia ari ya kijana hata chembe; ulimchelewesha tu kuilipia ari ya dada.

Kilichopatikana, na kilichobaki hewani

Ombi lilipita, kwa vipande. Daraja limepanda kuwa mhasibu kuanzia Julai. Nusu ya pengo inazibwa mwezi huohuo, yaani kutoka 126.5 hadi karibu 138, na nusu nyingine imeahidiwa Januari. Hakuna malimbikizo ya nyuma, na hakuyadai. Katika ombi la daraja malimbikizo hupatikana kwa nadra, na kuyadai kungemrudisha kwenye mashitaka alipokuwa ameshapata ukurasa safi.

Kijana bado hajui lolote. Dada aliendelea kumfundisha, na nadhani alifanya sawa, ingawa sasa kufundisha wageni kumeandikwa kwenye maelezo ya kazi yake mpya kama jukumu. Wale wenzake wawili aliowaambia mwanzoni wako palepale kwenye daraja la zamani, wakisubiri kuona, na mmoja wao ameshaomba kuona ule ukurasa.

Kwangu palipolegea ni Januari. Barua ya rasilimali watu inataja daraja jipya na mshahara wa Julai tu. Nusu ya pili imo kwenye baruapepe ya meneja, yenye maneno "kama tulivyokubaliana, tutamalizia mwakani". Meneja anaweza kuhamishwa, na bajeti ya Desemba haisomi baruapepe zake. Soko nalo halitamsubiri: likiendelea kwa asilimia 7, mwanzoni mwa mwaka bei ya kazi yake itakuwa inakaribia 160, si 150 ile waliyoipigia hesabu. Kabla ya kusaini ile barua ningemshauri aombe mstari mmoja uongezwe, wenye tarehe na kiasi, au useme kwamba kiasi kitapigwa kwa kiwango cha kati cha daraja kwa mwezi huo wa Januari. Ameshasaini. Kwa hiyo mstari huo inabidi auombe sasa kwa baruapepe, rasilimali watu wakiwa kwenye nakala, na ufike kabla ya Oktoba bajeti inapoanza kukusanywa.